Maji Yakipwa Pasi na Wakati Wake

Kila mama aliyelelewa katika mwambao huu anaijua saa ya bahari. Hahitaji kutazama jedwali la bandarini. Huuangalia mwezi, akahesabu siku zake, akajua ya kwamba leo ni bamvua, maji yatakupwa sana mnamo saa nne za asubuhi na mwamba utabaki wazi. Au akajua kwamba haya ni maji mafu, bahari haipwi sana wala haijai sana, na hapana haja ya kumtuma mtoto akatafute chaza. Elimu hiyo hatukufunzwa darasani. Ilitoka kinywani mwa bibi ikaingia sikioni mwa mjukuu, na hadi leo haijapotea.

Basi natuulizane swali moja. Je, bahari ikipwa pasi na wakati wake? Tuseme ni saa ambayo maji yalipaswa kuwa yamejaa, na ghafla, kwa muda wa dakika chache tu, yakarudi nyuma hata mwamba ukaonekana na samaki wakawa wanatapatapa juu ya mchanga. Watoto wetu watafanya nini? Tusidanganyane. Watachukua vikapu na kuwakimbilia samaki, na pengine sisi wenyewe tutawafuata.

Kiko kisiwa kimoja, upande wa pili wa bahari hii hii yetu ya Hindi, ambacho watu wake waliulizwa swali hilo kwa vitendo, na muda wa kulijibu haukuzidi dakika chache. Walilijibu sawasawa, kwa sababu bibi na babu zao walikuwa wamewafundisha. Makala haya yanasimulia habari zao, na yanaeleza jinsi ardhi inavyotetemeka na milima inavyotoa moto, ili nasi tupate la kuwaambia wajukuu.

Asubuhi ya Jumapili

Ilikuwa Jumapili, tarehe 26 Desemba 2004. Huku kwetu ilikuwa saa kumi kasoro dakika mbili za usiku, na wengi walikuwa wamelala, adhana ya alfajiri haijatolewa. Huko Sumatra, katika nchi ya Indonesia, jua lilikuwa limekwisha kuchomoza. Ilikuwa saa mbili kasoro dakika mbili za asubuhi. Chini ya bahari, magharibi ya mkoa wa Aceh, ardhi ilipasuka. Mpasuko ulianza mahali pamoja ukaenea upande wa kaskazini kwa zaidi ya kilomita 1,200, masafa yanayozidi mara mbili ya safari ya kutoka Mombasa hadi Nairobi. Tetemeko hilo lilipimwa kuwa na ukubwa wa 9.1, na ni miongoni mwa makubwa kabisa tangu vyombo vya kupimia vilipoanza kutumika duniani.

Hata hivyo, kilichowaua watu wengi zaidi hakikuwa mtikisiko. Kilikuwa maji. Bahari iliinuka ikaivamia nchi kavu, na mawimbi yake, ambayo dunia nzima sasa inayaita kwa jina la Kijapani tsunami, yalipiga pwani za nchi 14. Watu wapatao 230,000 walipoteza maisha. Aceh, nchi ya Waislamu ambayo kwa karne nyingi imeitwa Ukumbi wa Makka kwa kuwa mahujaji wa visiwa vile walipitia bandari zake, ilipoteza zaidi ya watu 160,000. Karibu na mji wa Banda Aceh, maji yalipanda mahali pengine hadi zaidi ya mita 30 juu ya usawa wa bahari.

Ili kufahamu lililotokea, hatuna budi kuiangalia ardhi tunayoikanyaga.

Utando juu ya maziwa

Anayechemsha maziwa kisha akayaacha yapoe huona utando ukifanyika juu. Chini ya utando maziwa yangali moto, na ukiinamisha sufuria, utando husogea na kujikunja. Ardhi yetu ina mfano wa hayo. Tabaka la juu ni ganda gumu la mawe. Ganda hilo halikuwa kipande kimoja; limegawanyika katika vipande vikubwa, ambavyo wataalamu huviita mabamba. Chini yake kuna mawe yenye joto kali mno, ambayo ingawa ni magumu, huenda polepole sana kwa muda wa miaka mingi, na mabamba huenda pamoja nayo. Mwendo wake ni wa sentimita chache kwa mwaka, kiasi cha kukua kwa kucha za mikono yetu. Ni mwendo usioonekana kwa macho, lakini hausimami usiku wala mchana.

Mabamba haya hukutana kwa namna tatu. Mahali pengine huachana, kama mkate unaomegwa. Mahali pengine husuguana ubavu kwa ubavu. Na mahali pengine husukumana, moja likaingia chini ya jingine. Magharibi ya Sumatra ni mahali pa namna hii ya tatu: bamba lililobeba sakafu ya Bahari ya Hindi linasukumwa chini ya bamba lililobeba visiwa vya Indonesia.

Lau mabamba yangeteleza kwa ulaini, kusingekuwa na tetemeko. Lakini mawe hushikana. Kwa miaka mia, pengine zaidi, bamba la chini huendelea kuingia huku likiuvuta ukingo wa bamba la juu na kuukunja. Chukua ufito wa kujengea, uushike ncha zote mbili, uukunje kidogo kidogo. Utakunjika, utakunjika, wala hutasikia kitu. Kisha kwa mara moja utakatika na mikono yako itashtuka. Nguvu iliyokusanywa kwa muda mrefu huachiliwa kwa muda mfupi. Tetemeko la ardhi, au zilizala kama wengi wetu tunavyoliita, si jingine ila mshtuko huo, unaosafiri ndani ya mawe kwa mawimbi.

Ukubwa wa matetemeko hupimwa kwa namba, nazo zina hesabu yake. Namba moja ikiongezeka, nguvu inayoachiliwa huzidi kwa kiasi cha mara 32. Kwa hiyo tetemeko la 7 halilizidi lile la 6 kwa kidogo; hulizidi kwa mara 32, na lile la 8 hulizidi la 6 kwa kiasi cha mara elfu moja.

Ukingo wa bamba la juu ulipoachiliwa siku ile, uliruka juu, nao ulikuwa sakafu ya bahari. Weka maji katika beseni, kisha uligonge kutoka chini, utaona maji yote yakiinuka na kutawanyika. Hiyo ndiyo tofauti ya tsunami na wimbi tulizoealo. Wimbi la kusi ni upepo unaopapasa uso wa bahari. Chini yake maji yametulia. Tsunami ni bahari nzima inayosukumwa, kuanzia sakafuni hadi juu. Katika kilindi huenda kwa kasi ya ndege, kilomita 700 na zaidi kwa saa, ilhali kimo chake ni kidogo mno. Mnara wa anga uliopita juu ya bahari kiasi cha saa mbili baada ya tetemeko lile ulipima wimbi la sentimita 60 tu. Nahodha aliye katika maji marefu anaweza kupitiwa nalo asilitambue. Likikaribia pwani, sakafu ya bahari hulipunguzia kasi, na maji ya nyuma huyafikia ya mbele yakarundikana. Hapo ndipo kimo kinapopanda. Wala haliji moja likaisha. Huja mfululizo, na kati ya moja na jingine panaweza kupita dakika nyingi, hata saa nzima. Mara nyingi la kwanza si kubwa kuliko yote.

Neno la wazee wa Simeulue

Sasa tuje kwenye kile kisiwa. Jina lake ni Simeulue, na kiko kiasi cha kilomita 150 kutoka pwani ya magharibi ya Sumatra. Wakazi wake wengi ni Waislamu, wavuvi na wakulima. Katika nchi zote zilizopigwa siku ile, hapakuwa na mahali penye watu wengi palipokuwa karibu zaidi na chimbuko la tetemeko. Mawimbi ya kwanza yalizifikia pwani zake za kaskazini kabla ya dakika kumi kwisha, na hapakuwa na king'ora, wala tangazo la redio, wala simu ya serikali.

Kisiwa kilikuwa na watu wapatao 78,000. Waliokufa ni saba.

Siri yao ilikuwa neno moja: smong. Mnamo Januari 1907, takriban miaka mia moja kabla, kisiwa hicho kilipigwa na tetemeko kisha tsunami, na watu wengi walikufa. Waliosalia hawakujenga mnara wa ukumbusho. Walifanya jambo la maana zaidi: waliwasimulia watoto wao. Katika lugha yao, smong ni jina la maji yale yaingiayo nchi kavu baada ya ardhi kutetemeka. Wazee waliiingiza habari ya smong katika hadithi za jioni ambazo huitwa nafi-nafi, na katika nyimbo za kubembelezea watoto. Mafunzo yake ni mafupi, hata mtoto wa miaka mitano aweza kuyashika: ardhi ikitetemeka kwa nguvu, na bahari ikirudi nyuma, usiende kuokota samaki, kimbilia mlimani, wala usingoje mtu.

Mabibi waliyarudia hayo kwa vizazi vitatu na zaidi. Wengi wao walikufa bila ya kuiona smong, na bila shaka walikuwepo vijana waliowacheka kwa kurudia habari za kale. Kisha asubuhi ile ikaja. Ardhi ilitetemeka, bahari ikapwa, na watu wakapaza sauti kwa neno moja tu, kutoka nyumba hadi nyumba: smong, smong. Hapakuwa na haja ya maelezo. Waliwachukua watoto na wazee wakapanda vilima. Maji yalipofika, yalivunja nyumba nyingi zilizokuwa zimekwisha hamwa. Ncha ya kaskazini ya kisiwa chenyewe iliinuliwa na tetemeko, hata miamba ya matumbawe iliyokuwa ndani ya maji ikabaki juu, nyeupe na kavu, kama ushahidi wa jinsi bamba lilivyoruka.

Siku iyo hiyo, katika ufuo mmoja wa Thailand, msichana wa Kiingereza wa miaka kumi, Tilly Smith, aliiona bahari ikitoa povu kwa namna isiyo ya kawaida. Wiki mbili nyuma mwalimu wake wa jiografia alikuwa amewafundisha dalili za tsunami. Aliwaambia wazazi wake, akasisitiza hadi wakamsikiliza, na watu wapatao mia moja wakaondolewa ufuoni kabla ya maji kufika. Yeye alifunzwa na mwalimu, na watu wa Simeulue walifunzwa na wazee wao. Elimu ni moja, na njia zote mbili tunazo.

Wanawake wa Aceh

Kwa nini basi katika bara la Aceh, mwendo mfupi tu kutoka kisiwa kile, walikufa watu wengi kiasi kile? Sababu kubwa ni kwamba huko neno kama smong halikuwepo vinywani mwa watu. Waliliona tetemeko limepita wakashukuru, wakatoka nje kutazama nyumba zao. Wengine waliiona bahari imepwa, wakaenda kuokota samaki.

Lakini kuna jambo jingine ambalo sisi wanawake hatuna budi kulisikia, ingawa linauma. Mwezi wa Machi 2005 shirika la Oxfam lilitoa ripoti juu ya waliokufa. Katika vijiji vinne vya wilaya ya Aceh Besar waliobaki hai walikuwa 676, na katika hao wanawake walikuwa 189 tu. Wanaume waliosalimika walikaribia kuwa mara tatu ya wanawake. Wauliza sababu? Ilikuwa Jumapili asubuhi. Wanaume wengi walikuwa baharini katika maji marefu, ambako wimbi halikuwadhuru, au wameondoka kwa shughuli zao. Wanawake walikuwa nyumbani pamoja na watoto. Mwenye mtoto mmoja mgongoni na wawili mikononi hawezi kukimbia kama mwenye mikono mitupu. Na wengi wao hawakujua kuogelea wala kupanda mti, kwa kuwa tangu utotoni mambo hayo yalihesabiwa kuwa ya wavulana.

Tujitazame. Mvulana wa pwani hujitupa majini kutoka ukutani angali mdogo, na hakuna anayemfundisha wala kumkataza. Dada yake hukaa pembeni akishika nguo zake. Tunaweza kuzilinda haya na stara za binti zetu na papo hapo tukawafundisha kuogelea, kwa kupanga wakati wao, mahali pao na mwalimu wa kike. Anayeona kwamba jambo hili ni la anasa na aikumbuke hesabu ile: 189 kati ya 676.

Wapo waliosema wakati ule kwamba waliokufa waliadhibiwa. Ni maneno mazito kumtupia mama aliyefariki akiwa amemkumbatia mwanawe. Tunajua kwamba siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume wetu (s.a.w.), jua lilipatwa, na watu wakalihusisha tukio lile na msiba wake, naye, juu ya huzuni aliyokuwa nayo, aliwakataza, akawafahamisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa ajili ya kufa wala kuzaliwa kwa mtu yeyote. Tunapoisoma Sura ya Az-Zalzalah tunaikumbuka siku iliyo kubwa zaidi, na kila mmoja huyatazama matendo yake mwenyewe, si ya jirani aliyekufa.

Upande wetu wa bahari

Maji yale hayakuishia Asia. Yalivuka bahari nzima, na baada ya muda wa saa nane hivi, mnamo adhuhuri, yakafika kwetu. Somalia, ambako habari hazikufika mapema, ilipoteza karibu watu 300, wengi wao katika rasi ya Hafun. Tanzania pia ilipoteza watu. Kenya alikufa mtu mmoja. Tulisalimika kwa sababu kadhaa. Wimbi lilikuwa limepungua nguvu kwa umbali wa safari. Redio na televisheni zilikuwa zimekwisha kutangaza yaliyotokea Asia, na watu wakaondolewa ufuoni. Na siku ile ilikuwa ya mwezi mpevu, yaani bamvua. Maji yalikuwa yamekupwa sana tangu asubuhi na yalikuwa bado hayajajaa. Lau yangalitukuta saa za kujaa, habari ingekuwa nyingine.

Tangu hapo, nchi zinazoizunguka Bahari ya Hindi zimeweka mfumo wa pamoja wa kutoa tahadhari. Vyombo vya kupimia vimewekwa, na vituo vilivyoko Australia, India na Indonesia hupeleka habari kwa kila nchi. Hapa kwetu hupokelewa na Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa. Hayo ni mafanikio makubwa. Lakini tangazo huokoa yule tu anayejua la kufanya baada ya kulisikia.

Wala tusidhani kwamba ardhi yetu sisi imelala. Bonde la Ufa ni mahali ambapo bamba la Afrika linaachana, upande wa mashariki ukijitenga na upande wa magharibi kwa milimita chache kila mwaka. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la ukubwa wa 6.9 lilipiga Subukia, nalo ni kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa katika nchi yetu. Na wengi wetu tunakumbuka usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, mnamo saa mbili na robo, taa zilipoyumba na vyombo vikagongana kabatini. Tetemeko lile, la ukubwa wa karibu 6, lilitoka chini ya bahari kusini-mashariki ya Dar es Salaam, likasikika Unguja na Mombasa.

Pale ardhi inapoachana ndipo pia milima ya moto inapozaliwa. Mawe yenye joto yaliyoko chini hubanwa na uzito wa yaliyo juu yake. Uzito ule ukipungua, huyeyuka na kutafuta njia ya kupanda, kama uji unaochemka ukiinua kifuniko. Yakitoka nje huitwa zaha. Longonot, Menengai na Suswa ni milima ya namna hiyo, na joto lililo chini ya Olkaria huzalisha sehemu kubwa ya umeme unaowasha taa na feni katika nyumba zetu. Huko Sumatra na Java volkeno hutokana na sababu nyingine: bamba linaloshuka huenda na maji ndani ya mawe yake, na maji hayo huyafanya mawe ya juu yayeyuke kwa wepesi zaidi.

Nyumba nyingi za mwambao huu zina jamaa Ngazija. Huko upo mlima Karthala, wenye urefu wa mita 2,361, nao ungali hai. Ulilipuka mwezi wa Aprili 2005, na maelfu ya watu wakavihama vijiji vyao. Ukalipuka tena mwezi wa Novemba mwaka uo huo. Safari hiyo jambo lililowataabisha akina mama halikuwa moto, bali jivu. Ngazija haina mito ya kudumu, kwa kuwa mawe yake ya zaha hunywa maji yote ya mvua; watu hukinga mvua katika mabirika. Jivu liliingia humo, na maelfu kwa maelfu wakakosa maji ya kunywa. Sote tunaokinga mvua tuna la kujifunza hapo: birika lenye kifuniko kizuri huokoa nyumba. Mwezi wa Mei 2018 Mayotte nayo ilianza kutetemeka, mara kwa mara kwa miezi, na watu wakashikwa na hofu na uvumi mwingi. Mwaka uliofuata wataalamu waligundua sababu yake: volkeno mpya iliyozaliwa katika sakafu ya bahari, kilomita 50 mashariki ya kisiwa, ikiwa na kimo cha zaidi ya mita 800.

Yapasayo kusemwa nyumbani

Kila mtoto wa madrasa anaijua habari ya yule bedui na ngamia wake, na jinsi alivyofunzwa kwamba kumfunga mnyama hakupingani na kumtegemea Mola. Basi hizi ndizo kamba zetu.

Ardhi ikianza kutetemeka nawe umo ndani, usikimbilie ngazi wala roshani. Inama, jikinge chini ya meza iliyo imara, au kaa kando ya ukuta wa ndani, mbali na kabati na vioo, ukikilinda kichwa kwa mikono. Ukiwa nje, jitenge na kuta na nguzo za umeme. Mtikisiko ukisha, funga mtungi wa gesi kabla ya kuwasha chochote, kisha utoke kwa utulivu. Mitikisiko midogo hufuata, hivyo usirudi haraka katika nyumba iliyopata nyufa.

Ukiwa ufuoni, dalili ni tatu, na moja tu yatosha: mtikisiko mkali au wa muda mrefu, bahari kupwa au kujaa kwa ghafla pasi na wakati wake, au sauti kubwa ya mvumo itokayo baharini. Bahari si lazima ipwe kwanza. Mahali pengi siku ile, ikiwemo upande wetu, ilitangulia kujaa. Ondoka mara moja kwa miguu, upande juu, na mahali pa juu pakiwa mbali, panda ghorofa ya juu ya jengo imara la zege. Usirudi kutazama wala kuchukua mali. Baki huko kwa saa kadhaa, hadi wenye mamlaka watangaze salama. Mikoko na mwamba wa matumbawe hupunguza nguvu ya maji, na kwa hilo tuvitunze, lakini si ukuta wa kutegemewa.

Kwa kuwa tetemeko la mbali kama lile la Sumatra hatutalisikia hapa, tangazo la redio ndilo litakalokuwa dalili yetu ya kwanza. Tulisikilize. Na ujumbe wa simu unaotaja siku na saa ya tetemeko lijalo tusiusambaze, maana hakuna mtaalamu yeyote duniani awezaye kuijua siku wala saa.

Mwisho, kila nyumba ipange mambo yake kabla ya haja. Ni nani atakayembeba mtoto mchanga? Ni nani atakayemshika bibi mkono? Tukipotezana, tutakutana wapi? Maswali haya huchukua muda wa kikombe kimoja cha chai baada ya magharibi.

Idd pili ijayo, inshallah, ufuo wa Bamburi utajaa familia kama ilivyo ada, akina mama wamekaa juu ya mikeka, watoto wamo majini hadi kiunoni. Kabla ya kufungua vyakula, muite mwanao aketi nawe kidogo. Mwoneshe mwamba, umwambie ni saa ngapi maji yatakupwa na kwa nini. Kisha umuulize: na yakipwa pasi na wakati wake, utafanya nini? Usimwache arudi majini mpaka akujibu.